Shangazi, Nijisomee kwa Simu au Niende kwa Mwalimu?

Salaam Shangazi. Mimi ni kijana wa Amu, nafanya kazi gesti moja huko Shela, na kila friji ikiharibika twangoja fundi avuke toka bara, wakati mwengine siku nne zapita na samaki washaoza. Nataka nijifunze hii kazi ya friji na AC mwenyewe. Nimeona kozi ya kujisomea kwa simu, vidio waangalia wakati wako, bei naimudu. Kuna chuo Mombasa wanafundisha darasani miezi mitatu lakini ada kubwa na bosi hanipi ruhusa yote hiyo. Rafiki yangu aniambia vidio zatosha, ufundi ni mikono tu. Nifanyeje?
Kijana wa Langoni

Waalaykumu salaam mwanangu. Ufundi ni mikono, hapo rafikiyo kasema kweli, na ndio sababu vidio pekee hazikutoshi. Chukua kuunga paipu ya shaba. Utaangalia mara kumi useme nimeelewa, haya shika moto sasa. Yatakiwa upashe paipu yenyewe mpaka iive iwe nyekundu, alafu kijiti cha kuungia kiyeyuke kwa joto la paipu sio kwa ule moto, na wanaoanza karibu wote huelekeza moto kwenye kijiti, kikaganda juu juu kama nta, kwa macho waona pameziba na kumbe gesi yatoka polepole wiki nzima, mwenye friji arudi akulaumu na wewe hujui ulikosea wapi. Mwalimu akiwa kando yako atakushika mkono palepale, rudisha moto nyuma, basi umepata. Peke yako kosa lile lile utalirudia mpaka liwe mazoea.

Na kuna hili lanitia hofu hasa. Friji nyingi mpya za nyumbani zina gesi ya R600a, hiyo ni jamaa moja na gesi ya kupikia, inawaka. Yajazwa kwa gramu chache tu, tofauti na ile R134a mafundi wengi walioizoea, na mtu akipeleka moto kwenye paipu kabla gesi haijatoka yote, na yuko chumba kidogo madirisha yamefungwa, ni hatari ya kweli. Nyumba zetu za Amu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Nakuomba sana hiyo sehemu usijifunze peke yako.

Lakini sikwambii uiache kozi ya simu. Kompresa yakandamizaje gesi, joto latolewa wapi, kwa nini geji ya presha ikisoma chini usikimbilie kuongeza gesi kabla hujatafuta panapovuja, umeme wa kapasita, kile kifaa kinachoweka umeme ndani yake, na vile yaweza kukurusha hata plagi ishatolewa, haya ni ya kichwa, na hapo kujisomea kwapita darasa manake hujaelewa warudisha nyuma, usiku wa manane kama wataka, ilhali darasani mwalimu aenda na mwendo wa wengi.

Sasa kalenda ya Shela yenyewe yakusaidia. Kaskazi wageni wamejaa hupati nafasi, basi soma saa moja kila usiku ukimaliza kazi. Masika ikiingia, mwezi wa tano na wa sita, gesti nyingi zafunga, hapo ndipo uende Mombasa. Piga simu mapema uwaulize kama wachukua mtu wa praktiko peke yake kwa wiki kadhaa. Waulize pia mwanafunzi mmoja ashika moto mara ngapi kwa wiki na kompresa moja yagawanywa na watu wangapi, manake darasa la watu thelathini na kompresa moja halikupi zaidi ya hiyo simu yako.

Kuhusu cheti, kile cha mwisho wa vidio chasema umemaliza vidio. Kinachopima kazi ni mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, una maandishi na una vitendo, waanza gredi ya 3 wapanda 2 hadi 1, na aliyejifunza kazini pia aweza kuufanya. Chuo nacho hakikisha kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, kabla hujatoa hata shilingi.

*

Shangazi, mimi niko Malindi nina duka la nguo. Nimelipia kozi ya hesabu za biashara ya kujisomea mara mbili na zote nimeachia njiani. Mimi ni mvivu?
Mama Duka

La hasha dadangu. Mtu afungua duka asubuhi, apika, asomesha watoto, hilo somo lisilo na saa yake ndilo litakalosukumwa kando kila siku. Hesabu ni kitu cha kujisomea vizuri kabisa, lakini kama mara mbili imekushinda usilipe ya tatu, tafuta mwalimu hapo hapo mjini hata mara moja kwa wiki jioni, umlipe kila ukienda, na uende na daftari lako halisi la mauzo na madeni, sio mifano ya kitabu. Ukijua Alhamisi mwalimu ataangalia hesabu ya stoku yako, Jumatano utaihesabu.