Uso unatoka giza, nyuma panawaka: nifanyeje?

SWALI: Habari kaka. Napiga picha za mahafali hapa Dar kwa lenzi ya 50mm f/1.8, sina flashi. Nyuma ya mhitimu pakiwa na ukuta mweupe, magari au anga, uso unatoka giza. Nikiongeza mwanga, nyuma panaungua. Nimejaribu kufungua lenzi mpaka mwisho ili nyuma pawe na ukungu, lakini jicho bado linakimbilia huko. Je, ninunue lenzi nyingine?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hela ya lenzi iweke kwanza. Ukungu unafuta mistari, haupunguzi mwanga: ukuta mweupe uliofifia ni mweupe vilevile. Na vile vitobo vya anga kati ya majani ya mwembe, kwa f/1.8, yaani lenzi ikiwa wazi kabisa, vinavimba na kuwa miduara mikubwa inayogombania macho na mhitimu wako. Kinachokusumbua ni tofauti kati ya mwanga unaompiga mtu usoni na ule ulio nyuma yake, na tofauti hiyo unaipunguza kwa miguu kabla hujagusa kamera.

Nina hisi unafanya kama wengi: jua kali, unamsogeza mhitimu kwenye ukingo wa baraza, mgongo ameupa uwanja. Mgeuze. Asimame hatua moja ndani ya kivuli akitazama nje, wewe simama upande wa uwanja. Sasa anga lote linamwangazia uso kwa mwanga laini, na nyuma yake ni korido yenye kiza. Joho jeusi lisimezwe na kiza hicho. Mvute mbali na ukuta, mgeuze bega kidogo kuelekea nje, kingo za joho zitaonekana.

Pasipo na baraza, tafuta ua wa michongoma au miti iliyo kivulini. Kabla ya kubonyeza, tazama nyuma ya kichwa tu, usitazame uso. Gari jeupe mara nyingi linatoweka ukihama hatua moja pembeni. Ukichuchumaa unaongeza anga. Ukipanda ngazi moja, nyasi au lami ndiyo inakuwa nyuma ya mtu. Chini ya mti hakikisha kivuli ni kizima, maana madoa ya jua kwenye paji la uso hayasafishiki vizuri hata kwa kompyuta.

Kuna siku familia inataka lile jengo jeupe lionekane, basi. Hapo fahamu kwamba mita ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, hujaribu kufanya kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ikiona ukuta mweupe umejaa fremu, inapunguza mwanga, na uso unazama. Weka kitufe cha +/− kwenye +1, piga, tazama uso, ongeza ikibidi. Ukipenda kuiambia mita ipime doa moja tu, shavuni, angalia jambo hili ambalo mafunzo mengi hayalisemi: ngozi nyeusi sana ukiiachia mita itapaushwa iwe kijivu, kwa hiyo punguza kama stopu moja (nusu ya mwanga) ili ibaki na rangi yake. Piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Kivuli kinanyanyulika baadaye kwa gharama ya chengachenga kidogo, ila palipoungua kabisa hapana kitu cha kurudisha.

Msaidizi akiwepo, mpe karatasi nyeupe ya manila iliyobandikwa kwenye kadibodi, aishike usawa wa kifua nje kidogo ya fremu, airudishie uso mwanga. Foili inayong'aa mimi siipendi. Watu wanafinya macho.

Saa sita mchana Dar jua liko juu ya kichwa, hasa karibu na Machi na Oktoba, na macho yanageuka mashimo. Ratiba ikiwa mikononi mwako, panga kuanzia saa kumi na nusu jioni, lakini usizubae, maana kwetu giza huingia haraka baada ya jua kuzama.

Flashi itakusaidia siku moja. Ukifika hapo, kumbuka kamera nyingi haziruhusu kasi ya shata (pazia la kamera) kupita 1/200 au 1/250 ya sekunde kwa flashi ya kawaida, kwa hiyo juani f/1.8 huwezi kuitumia, mwanga utazidi. Utafunga lenzi mpaka f/11 hivi, na ule ukungu utaupoteza.