Maswali na majibu: ukungu wa nyumbani

Masika yamekolea, nguo hazikauki, na barua za wiki hii karibu zote ni za ukungu.

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilipigwa plasta ya simiti na rangi ya mafuta. Sasa rangi inafura, chini yake weusi mtupu. Tupake tena?

Msipake, rangi itabanduka na hela zenu. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya maji kisha huyatoa zikipata upepo. Simiti na rangi ya mafuta zimeyafungia ndani. Kwanza kagueni paa na paipu. Kisha bandueni plasta hadi kwenye jiwe, ukuta ukauke sawasawa (ningengoja kaskazi, Januari au Februari), ndipo mpige plasta ya chokaa na mchanga, na juu yake chokaa ya kupaka. Mchanga wa ufuoni usikaribie: chumvi yake huvuta unyevu. Fundi atawaambia chokaa ni mambo ya kizamani. Tafuteni fundi mwingine.

Ukutani pana unga mweupe kama pamba. Ni ukungu?

Udondoshee maji. Ukiyeyuka ni chumvi. Upige brashi kavu, usiuoshe. Usipoyeyuka, ni ukungu.

Jirani kanishauri nichanganye jiki na siki ili bafu litakate haraka. (Mama, Kisauni)

Hasha, mama! Hapo hutoka gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Jiki isichanganywe na siki, wala dawa ya choo yenye asidi, wala chochote chenye amonia. Tia kikombe kimoja cha chai, kisizidi, katika lita 4 za maji. Vaa glavu, fungua madirisha, paka kwenye vigae, ngoja dakika 10, suuza. Kwenye mbao na plasta jiki hung'arisha juu tu, ukungu ukabaki ndani. Huko sugua kwa maji ya sabuni, kisha kausha. Mwenye pumu asiifanye kazi hii.

Mabuibui yananuka uvundo kabatini ingawa nayafukiza udi kila Alhamisi.

Udi hufunika harufu, haukaushi nguo. Vuta kabati liache nafasi ya kiganja kizima na ukuta, hasa ukiwa ukuta wa nje au wa bafu. Yaanike mabuibui, uyapige brashi huko huko nje; ukipigia chumbani unatawanya mbegu za ukungu kitandani. Na nguo iliyotoka kwenye pasi ipoe kwanza.

Mwenye nyumba asema ukungu ni kosa langu, naanika nguo ndani. (Mpangaji, Tudor)

Huenda kweli, huenda anakwepa gharama. Tazama doa lenyewe. Likishuka kutoka darini na lina ukingo wa kahawia, maji yanavuja: ni kazi yake, mpigie picha mvua ikinyesha. Vikiwa vidoadoa vyeusi pembeni na nyuma ya kochi, mvuke wa ndani ndio umekosa pa kutokea. Kamba ya nguo ihamie nje, kochi lisogee, na dirisha la jikoni libaki wazi ukipika.