Mwasho ni mwisho: kwa mama mwenye mtoto wa pumu na chupa ya chavua ya nyuki

Dada, kijiko cha kesho asubuhi usimpe mtoto. Iondoe chupa hiyo jikoni usiku huu, uiweke mahali ambapo hata msaidizi wako wa nyumbani hataifikia, kisha urudi usome yaliyobaki.

Umeandika kwamba mwanao wa miaka saba ana pumu, kwamba baridi ya Julai ilimlaza mara tatu, kwamba umemwanzishia chavua ya nyuki, yaani unga wa maua ambao nyuki hukusanya, ili kumwongezea kinga, na kwamba tangu Jumamosi analalamika kuwa midomo na kaakaa vinamwasha. Aliyekuuzia amekuambia kuwa huo ni mwili unaotoa sumu, na kwamba ukiongeza kijiko kiwe viwili na kumtilia maziwa ya nyuki chini ya ulimi, mwasho utaisha. Kisha ukauliza, kana kwamba mengine yote yako sawa, jinsi ya kutambua asali safi kwa njiti ya kiberiti, kama gundi ya nyuki, ule utomvu ambao nyuki huzibia nyufa za mzinga, inafaa kwa koo, na kama asali ya Kitui inaishinda ya Baringo.

Mimi pia niliambiwa kuwa mwili unatoa sumu, karibu kwa maneno hayo hayo, miaka minne iliyopita, nami nikaamini.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Pumu yake haikuwa kali sana, lakini kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Nairobi ilimshika kifua, na tulikuwa tumechoka kukesha naye akiwa ameegemea mito. Bwana mmoja mwenye duka nadhifu katikati ya jiji, aliyevaa koti jeupe kama la daktari ingawa karatasi pekee iliyokuwa ukutani ilikuwa leseni ya biashara, alinieleza kwa utulivu mkubwa kwamba tatizo la mtoto ni kinga dhaifu na kwamba dawa yake imebebwa na nyuki. Nilinunua chupa ya chavua kwa Sh1,200. Kila asubuhi tulimnyunyizia kijiko kimoja cha chai katika uji, zile punje za manjano na za rangi ya chungwa, na kwa siku nane hakukutokea lolote baya. Nilijisifu kazini. Nilimpa hata jirani namba ya simu ya bwana yule, jambo ambalo jirani bado hunikumbusha tukikutana langoni.

Siku ya tisa mtoto alisema uji unamwasha. Hakusema ni mchungu wala ni wa moto, alisema unamwasha. Midomo yake ilikuwa imevimba kidogo, kiasi kwamba mamake alidhani ameumwa na mbu, na baada ya saa moja ikarudi ilivyokuwa. Hapo ndipo nilipokosea, na ningependa utofautishe kosa hili na lile la kununua chavua, kwa sababu la kununua lilinigharimu Sh1,200 tu. Niliiona dalili, nikatambua kwamba si ya kawaida, kisha nikampigia simu mtu yule yule mwenye bidhaa ya kuuza ili anieleze maana yake. Alicheka kwa upole. Alisema mwili wa mtoto umejaa sumu za vyakula vya kisasa, kwamba sasa unazisukuma nje, na kwamba wazazi wengi huingiwa na woga wakaacha hapo hapo, wakati uponaji umefika mlangoni. Kwa kuwa sikutaka kuhesabiwa miongoni mwa wazazi waoga, nilipita kwake jioni hiyo nikanunua pia maziwa ya nyuki, yaani ule ute mweupe ambao nyuki vibarua humlisha malkia, na kijiko kimoja cha chavua nikakifanya viwili. Mimi ambaye husoma masharti ya mkopo hadi mstari wa mwisho nilitoa pesa za ziada ili onyo liwe kubwa zaidi.

Kwa siku mbili mwasho uliendelea, nami nikauhesabu kuwa maendeleo. Siku ya kumi na mbili, kabla hajamaliza bakuli, alianza kujikuna shingo, akatapika, sauti ikakwama kooni, na mwili mzima ukajaa mabaka yaliyoinuka. Tulimpa pampu yake ya pumu. Tukampa kidonge cha mzio tulichokuwa nacho kabatini. Mama yangu, aliyekuwa ametutembelea, akashikilia kwamba apewe maziwa ya moto, na kwa kuwa maziwa ya nyuki yalikuwa yameshindwa, ilionekana ni haki kumpa na ng'ombe nafasi yake. Leo naweza kulifanyia mzaha jambo hilo, lakini robo saa ilipotea tukisubiri kidonge kifanye kazi ambayo hakikutengenezwa kuifanya, na robo saa nyingine ilipotea katika Barabara ya Jogoo, ambayo mkazi yeyote wa Buruburu anaijua ilivyo saa moja asubuhi. Nilikuwa kiti cha nyuma nimempakata, nikisikiliza kila pumzi kama mtu anayehesabu sarafu za mwisho.

Muuguzi aliyetupokea hakutaka hadithi ndefu. Alimchoma adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na baada ya dakika chache, alipoona kifua bado kimebana, akamchoma tena. Tulilala hospitalini kwa sababu shambulio la namna ile linaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata kama mgonjwa hajala tena kilichomdhuru. Bili ilikuwa Sh41,300. Sijawahi kulipa pesa kwa moyo mkunjufu kiasi kile.

Daktari wa zamu alinichorea maelezo nyuma ya karatasi ya bili hiyo, nami bado ninayo. Alisema kwamba mtoto mwenye pumu ya mzio hana kinga iliyolala. Ana kinga iliyo nyepesi kukasirika, na anayetaka kumwongezea kinga hajui anaongeza nini. Mwili unapokutana kwa mara ya kwanza na protini fulani huenda usionyeshe dalili yoyote, bali ukatengeneza kimya kimya kingamwili, yaani protini za ulinzi, za aina ya IgE, ambazo hujipachika juu ya seli ziitwazo masti zilizotapakaa kwenye ngozi, kwenye njia za hewa na tumboni. Siku protini hiyo inaporudi na kuzinasa kingamwili hizo, seli za masti humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo: mishipa midogo ya damu huvuja, ngozi hufura, mirija ya hewa hubana, na shinikizo la damu linaweza kuanguka. Zile siku nane nilizojisifu kazini, mwili wa binti yangu ulikuwa ukikamilisha matayarisho. Au pengine matayarisho yalianza zamani, kwa chavua ya maua anayoivuta hewani kila siku, kwa sababu punje za nyuki zinaweza kuwa na chavua ya maua yale yale, iliyokusanywa na kushindiliwa pamoja. Kwa mtu ambaye tayari ana mzio wa maua ya jamii ya alizeti, kwa mfano, kijiko kimoja ni maelfu kwa maelfu ya chembe za kitu anachokikimbia.

Wala hili si jambo jipya ambalo muuzaji angeweza kusingizia kwamba halijamfikia. Mwaka 1902 Wafaransa Paul Portier na Charles Richet walikuwa wakijaribu kuwazoesha mbwa sumu ya kiumbe wa baharini, wakaona kwamba mbwa aliyepona baada ya kipimo cha kwanza alikufa alipopewa kipimo kingine kidogo wiki chache baadaye. Kwa utafiti huo Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Bwana wa koti jeupe alikuwa na zaidi ya miaka mia moja ya kusoma habari hiyo, na bado alinishauri nizidishe.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba watu hawa hawasemi uongo mtupu; huchukua kipande cha ukweli wakakipaka asali. Wangu alinionyesha makala kuhusu gundi ya nyuki, ile ambayo wengine huiita propolisi, akisema wanasayansi wamethibitisha kwamba inaimarisha kinga. Baadaye niliketi nikasoma. Mengi ya majaribio hayo yamefanywa kwenye seli za maabara na kwenye panya, na mojawapo ya matokeo yanayotajwa sana ni kwamba kemikali iliyomo, iitwayo CAPE, hupunguza ishara zinazochochea uvimbe ndani ya seli. Kupunguza, dada, wala si kuongeza. Tena gundi hiyo hiyo inajulikana kwa kusababisha mzio wa ngozi, hata kwa wafugaji wa nyuki wanaoishika kila siku. Kuhusu maziwa ya nyuki, hospitali za Australia na Hong Kong ziliripoti katika miaka ya 1990 watu waliopata mashambulio makali ya pumu baada ya kuyatumia, na huko Australia kulikuwa na kifo. Ndiyo maana nchini humo bidhaa zenye maziwa ya nyuki hubeba onyo mahususi kwa wenye pumu na mzio. Kichupa nilichouziwa mimi kilikuwa na picha ya malkia aliyevaa taji.

Alinitolea pia mfano wa sumu ya nyuki. Alisema hata madaktari wa Ulaya huwadunga watu sumu hiyo ili miili izoee, kwa hiyo mwasho wa binti yangu ulikuwa ni kuzoea. Ni kweli kwamba matibabu hayo yapo, na kwa maoni yangu ndiyo mahali ambapo zao la nyuki linaifundisha kinga ya binadamu adabu kwa namna iliyothibitishwa vizuri. Lakini hufanywa kwa mtu aliyepimwa akaonekana ana mzio wa sumu hiyo, kwa vipimo vinavyoanza vidogo mno na kupandishwa taratibu hadi mikrogramu 100, kwa miaka 3 hadi 5, huku adrenalini ikiwa karibu. Kuyafananisha hayo na kijiko cha chai katika uji ni sawa na mtu kuona rubani akirusha ndege, naye akapanda juu ya paa na kuruka. Mwaka 2018 madaktari wa Hispania waliripoti kifo cha mwanamke wa miaka 55 aliyekuwa akijitia miiba ya nyuki hai kama tiba, kila baada ya wiki nne, kwa miaka miwili, bila kudhurika hata mara moja kabla ya siku ile.

Kanuni yangu ni moja, nami nimeirudia kwa shangazi, kwa wanachama wenzangu wa chama, na kwa makanga aliyekuwa akinywa gundi ya nyuki kituoni: mwasho ni mwisho. Kitu chochote cha nyuki kikiwasha midomo, ulimi, kaakaa au koo, kinaachwa siku hiyo hiyo, na wa kueleza maana ya mwasho ni daktari asiyekiuza. Mwenye pumu hafai hata kufika kwenye mwasho. Chavua na maziwa ya nyuki asipewe kabisa hadi apimwe mzio, kwa ngozi au kwa damu. Wakati unaposubiri miadi, uso ukivimba, sauti ikibadilika, akatapika ghafla au akaanza kukoroma kifua, nenda hospitali bila kungojea kidonge, ubebe na chupa yenyewe ili waone amekula nini. Kidonge cha mzio hutuliza vipele. Njia ya hewa inayofunga huhitaji adrenalini, na mapema.

Sisemi kwamba nyuki ni adui. Asali tunayo mezani, na binti yangu aliruhusiwa kuila baada ya kupimwa. Kwa kikohozi cha mafua ina ushahidi wa kuridhisha: Shirika la Afya Duniani liliitaja mwaka 2001 miongoni mwa vitulizo vya koo kwa watoto, ingawa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja haruhusiwi kuionja kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa unaopoozesha misuli), ambazo utumbo wake bado hauwezi kuzizuia. Lakini kutuliza koo na kubadilisha kinga ni mambo mawili. Huko Connecticut, Marekani, mwaka 2002 wagonjwa wa mzio wa chavua ya hewani walipewa asali ya eneo lao, wengine wakapewa sharubati iliyofanana na asali, na waliokula asali hawakupata nafuu zaidi ya wenzao. Mwanao, hata hiyo asali mpumzishe nayo kwanza, kwa kuwa nayo hubeba chavua kidogo, na wewe bado hujui ni kipi kinachomwasha.

Kesho piga simu kliniki ya pumu anakotibiwa, uwaambie mambo matatu kwa mpangilio huu: ana pumu, amekula chavua kwa siku kadhaa, midomo inamwasha. Muuzaji akikupigia kukuuliza umefikia vijiko vingapi, usibishane naye, kata simu. Kisha uandike hapa, hata neno moja tu, kwamba asubuhi hukumpa, kwa maana nitakuwa nikifungua ukurasa huu kila baada ya dakika kumi.