Barua kwa Mwanangu: Riba ya Magunia ya Omena

Mwanangu Atieno,

Barua yako kutoka Nakuru nimeisoma mara mbili. Unasema unawafundisha vijana kupanga matumizi na kuweka akiba, na kwamba Amartya Sen, mwanauchumi Mhindi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, anauona umaskini kuwa ni kupungukiwa na uwezo wa kuishi maisha ambayo mtu ana sababu ya kuyathamini, wala si uhaba wa kipato pekee. Kisha ukaniuliza: sisi tulikosa pesa au tulikosa maarifa?

Acha kwanza nikukumbushe ule mkopo wa shilingi 60,000 wa kununulia magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Ulikuwa darasa la sita. Afisa wa mikopo aliketi kwetu Nyalenda, kwenye kiti cha marehemu baba yako, akaandika nyuma ya daftari lako la hesabu: asilimia 20 kwa mwaka, miezi 12, kila mwezi 6,000. Uliinama ukatazama, ukauliza, "Mama, mbona deni linapungua lakini riba haipungui?" Nikakwambia unyamaze, watu wazima wanazungumza.

Ulikuwa umeona sawasawa. Riba ilihesabiwa kwa zile 60,000 tangu mwanzo hadi mwisho, hata mwezi ule nilipokuwa nimebakiza 5,000 tu za deni lenyewe, ikafika 12,000. Lau ingehesabiwa kwa salio la kila mwezi, isingezidi 6,500. Tofauti hiyo ya 5,500 unajua ilitoka wapi. Wewe ndiwe uliyekaa nyumbani muhula ule.

Nimesema siku zote, nawe umechoka kunisikia, kwamba asiyejua kuhesabu huhesabiwa. Lakini mimi nilijua kuhesabu! Nilikuwa mweka hazina wa chama chetu miaka tisa na haikupotea hata shilingi. Nilijua kwamba omena huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kwamba mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti tena, mitumbwi hurudi karibu mitupu, na bei ya gorogoro, kile kibati cha kupimia, hupanda pale soko la Kibuye. Kwa hiyo nilinunua wakati wa giza nikauza wakati wa mbalamwezi. Huo nao si ujuzi wa fedha? Vijana wako wanaupata katika somo gani?

Siku ile zilikuwa zimebaki siku tatu za giza. Benki ilitaka hatimiliki ya shamba ambalo halikuandikwa kwa jina langu, lakini kwa mkopo huu wa afisa wenzangu wa kikundi walikuwa wamekwisha kutia sahihi kunidhamini. Hata ningeielewa ile riba kama ulivyoielewa wewe, nadhani ningetia sahihi vilevile. Au pengine ningeuliza, naye angepunguza. Hapo moyo wangu hautulii, kwa sababu asiyejua kuhesabu huhesabiwa, na aliyejua alikuwamo chumbani, nami nikamfunga mdomo.

Ningependa sana kukuandikia kwamba kosa lilikuwa la hatimiliki, na kidogo niandike hivyo, ila kalamu inakataa.

Daftari lenyewe bado liko kabatini. Ukija Desemba nitakuonyesha: afisa yule alikandamiza kalamu hata tarakimu zake zikatokeza upande wa pili, juu ya hesabu zako za sehemu, ambazo mwalimu alikuwa amezitia vema zote.

Ni mimi mama yako,
Kisumu