Kuchora sura ya bibi kwa penseli kutoka picha ya zamani

Mkuu, umeuliza uanzie wapi na picha ya bibi yako, ile ndogo ya studio iliyofifia na shavu moja kuliwa na unyevu. Kazi zangu nyingi ni za namna hiyo, watu wananiletea picha za wazee waliotangulia, kwa hiyo nitakujibu kirefu.

Picha yenyewe usiichoree mkononi. Iskaniwe, uichapishe kubwa, sm 12 kwa 18 inatosha, ya asili irudi kwenye bahasha. Ukipiga kwa simu, simu iwe sambamba kabisa na picha. Ikiinama kidogo tu, kidevu kinapungua, paji linakua, na sura imeshapotea kabla hujashika penseli.

Piga miraba ya sm 1 kwenye nakala na ya sm 2 kwenye karatasi ya A3, kwa HB (penseli ya ugumu wa kati), mkono mwepesi, kisha uhamishe sura mraba kwa mraba. Macho, pua na mdomo vigawie miraba midogo zaidi. Macho hukaa karibu katikati ya utosi na kidevu. Kama bibi kajitanda kanga, kumbuka fuvu lipo chini ya nguo, maana wengi hulikata wakampa mtu paji fupi.

Sasa jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza: picha ya zamani haisemi kweli yote. Mafundi wa studio walikuwa wakigusa negativu (ile filamu ambayo picha huchapwa kutoka kwake) kwa penseli kali, wakafuta makunyanzi na kulainisha ngozi. Tena kuna filamu za zamani ambazo hazikuona rangi nyekundu, ndiyo maana midomo na ngozi ya maji ya kunde huweza kutoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Kwa hiyo waulize waliomjua. Alikuwa mweusi au maji ya kunde? Alikuwa na mwanya? Akicheka, jicho lipi lilifumba zaidi? Majibu hayo yana thamani kuliko penseli za bei ghali.

Kwenye ngozi ndipo michoro mingi inapoharibika. Watu wanakandamiza 6B, penseli laini na nyeusi sana (namba ya B ikipanda, weusi unapanda), uso mzima, penseli inang'aa kama bati, na uso unalala bapa. Anza na HB, panda 2B, kisha 4B, tabaka juu ya tabaka. Pale mwanga ulipopiga (paji, mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini) acha karatasi wazi tangu mwanzo, usitegemee kuja kufuta. Weupe wa jicho usiuache mweupe, nao una kivuli cha kope; cheupe ni kile kinukta cha mng'ao kwenye mboni. Meno usiyatenganishe kwa mistari. Usichanganye vivuli kwa kidole, mafuta ya mkono huacha madoa. Tumia pamba ya masikio. Weusi mzito wa nguo au wa nyuma, tumia penseli ya mkaa.

Shavu lililoliwa, tafadhali usiligeuze lile zima ukalibandika upande wa pili. Hakuna uso wenye pande mbili sawa, na ndugu watahisi kuna kitu hata wasipoweza kukitaja. Tazama mwanga umetoka wapi. Ukiwa umetoka upande wa shavu zima, lizamishe shavu hilo kivulini, maelezo machache. Vinginevyo mketishe shangazi anayefanana naye kwenye mwanga wa namna ile, uone mfupa unavyoshuka.

Kabla hujaweka weusi wa mwisho, waonyeshe watoto wake. Mara nyingi huniambia, "Macho ni yake, mdomo siyo." Hapo tazama pembe za mdomo kwanza, marekebisho huwa ni ya upana wa unywele.

Ukimaliza, pulizia dawa ya kushika penseli isifutike, na kwenye fremu weka ukingo wa kadibodi kati ya karatasi na kioo. Vikigusana, unyevu wa huku pwani utaugandisha mchoro kwenye kioo.