Kabla ya Mgeni, Tafuta Mwenzako wa Ng'ambo

Jumatatu nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Ngara, hapa Nairobi: "Kaka, nataka kufungua kampuni ya safari za Mara na Serengeti. Nina landikruza moja ya mkopo. Nianzie wapi?" Niliusoma ndani ya matatu, tumekwama Pangani, nikacheka peke yangu hadi mama aliyekaa mbele akageuka kuniangalia. Si kwa dharau. Mimi pia nilianza na gari moja la mkopo, na ujinga ule ule.

Wewe na mimi tunataka kitu kimoja: mgeni awaone nyumbu upande huu leo, kesho awakute upande wa pili. Ramani nayo inakudanganya vizuri. Mara ya Kenya ina kilomita za mraba 1,510, Serengeti ya Tanzania 14,763, na katikati hakuna ua wala ukuta. Kila mkutano wa utalii niliowahi kuhudhuria lazima mtu asimame aseme nyumbu hahitaji pasipoti. Sawa. Mgeni anaihitaji.

Mwaka 2016 niliuza safari yangu ya kwanza ya nchi mbili kwa mzee na mkewe, Wajerumani wastaafu. Kwenye ratiba niliandika kwa mkono wangu: "Siku ya nne, tunavuka Sand River kuingia Serengeti." Pale geti la Sand River, mpakani, askari mmoja mtu mzima aliichukua ile karatasi, akaisoma polepole, akaikunja mara nne, akanirudishia. "Kijana, hapa wanavuka wanyama tu."

Kumbe mpaka wote ulifungwa Februari 1977, mwaka jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Ulifunguliwa tena 1983, lakini watalii hawakurudishiwa njia ile ya ndani ya mbuga. Nilizaliwa, nikasoma, nikachukua mkopo wa gari, na bado sikujua. Mke wa yule mzee alipiga picha kwenye kigingi cha mpaka, mguu mmoja Kenya, mwingine Tanzania, akicheka. Serengeti yake ya siku hiyo iliishia hapo.

Tukazunguka kupitia Lolgorien hadi Isebania, kituo cha mpaka upande wa Kenya. Njia sitaisimulia, ilikuwa matope. Tulifika saa kumi na moja jioni, nikaambiwa jambo la pili nililopaswa kulijua: gari la watalii la Kenya haliingii mbuga za Tanzania. Kuna mkataba wa 1985 kati ya nchi hizi mbili. Gari lako linafikisha wageni mahali fulani tu, kisha wanapokelewa na gari la wenyeji. Na usidhani ni ukali wa Watanzania peke yao. Mwishoni mwa 2014 sisi Wakenya ndio tuliozuia magari yao uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, kwa mkataba huo huo.

La tatu, kadi. Mzee hakuwa amechanjwa homa ya manjano kwa sababu sikumwambia. Akachomwa sindano pale pale kituoni, nikalipa mimi. Baadaye nilijua kuna kadi mbili za manjano katika kazi hii, ya chanjo na ya bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tofauti na mpira, hapa ukiwa nazo mbili ndipo unaruhusiwa kuendelea.

Nikaanza kupiga simu kama mwendawazimu. Mtu akanipa namba ya dereva wa Tarime, upande wa Tanzania. Alipopokea tu nikamwambia, "Nipe bei ya gari la siku tatu." Kimya. Halafu, kwa upole kabisa: "Kwani shikamoo zimeishia huko Kenya?" Niliona aibu hadi masikioni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nyumbani hawajambo, wageni wamekula? Bei yake ilimaliza faida yangu yote na kitu juu. Lakini saa mbili usiku wageni wangu walikuwa kitandani Tarime.

Waliyoyaandika mtandaoni baadaye nayakumbuka neno kwa neno. Sitayarudia hapa. Mwaka mzima sikupata mgeni wa Ulaya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tafuta mwenzako wa ng'ambo kabla ya kutafuta mgeni. Viza ni mambo ya kusoma tu: ile ya pamoja ya dola 100 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo, mwambie mgeni mapema. Mwenye haraka na pesa atoke Mara kwa ndege hadi Migori, avuke Isebania, apande nyingine Tarime. Hayo utayajua. Mwenzako wa ng'ambo ndiye usiyeweza kumsoma mahali. Nenda ukamwone. Panda basi, kaa Sirari, ng'ambo ya Isebania, siku mbili, amkia watu, kunywa chai, usiseme "nipe", sema "naomba". Walinzi wa Mara Triangle, sehemu ya magharibi ya Mara, na wenzao wa Serengeti wamekuwa wakishirikiana miaka mingi kusaka majangili na kung'oa nyaya zao za kutegea wanyama. Wanapigiana simu usiku. Sisi wa magari tunafanya nini? Tunaibiana wageni, kisha tunalia kwamba serikali hazielewani! Tuwe na haya kidogo.

Mwezi uliopita mimi na yule dereva wa Tarime tulikabidhiana wageni kumi na mmoja pale mpakani kwa dakika arobaini. Nilisimama kando nikiangalia mabegi yakihama gari, nikamkumbuka yule askari na karatasi yake.

Nilimwandikia kijana wa Ngara haya yote kwa ufupi. Akajibu haraka: "Asante sana kaka. Basi naomba namba ya huyo mtu wako wa Tarime."

Ameomba vizuri, hata "naomba" ameiweka. Bado sijamjibu.