Kurasa 11 za mkataba wa chumba kimoja

Maswali ni ya mpangaji, majibu ni yangu mimi wakili.

Nataka kupanga chumba na sebule Mbagala, Dar es Salaam. Mkataba una kurasa 11, na kifungu kimoja kinahusu matumizi ya lifti. Nyumba ni ya chini, choo kiko nje! Lifti imetoka wapi?

Imetoka kwenye mkataba wa ghorofa la mtu mwingine. Fomu hizi huanza na ukurasa mmoja. Mpangaji anahama usiku na deni la maji, kifungu kinaongezwa. Mwingine anageuza sebule saluni, kingine. Ikaja korona 2020, magonjwa ya mlipuko nayo yakapata aya yao, na aya hiyo bado imo. Kuongeza hakuna anayekuuliza. Ukifuta, siku kikihitajika lawama zote zako, kwa hiyo sisi mawakili tunaacha.

Kwa nini sheria inadai maneno mengi hivyo?

Haidai. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, inataka ridhaa ya hiari, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Idadi ya kurasa haikutajwa.

Kifungu kisichonihusu kinanidhuru nini? Si nikiache tu?

Waulize Argentina. Mikataba yao ya mikopo ilikuwa na kifungu cha kuwaweka wadai sawa, kilichonakiliwa miaka na miaka huku wanasheria wenyewe wakibishana maana yake. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Marekani, New York, ikakitafsiri hivi: usiwalipe waliokubali deni lipunguzwe bila kuwalipa na waliokataa. Julai 2014 nchi ikashindwa kulipa. Hela ilikuwepo, njia ya kuwafikishia wadai ndiyo iliyofungwa na hukumu hiyo.

Notisi itumwe "kwa faksi au teleksi". Nina simu tu.

Futa. Andikeni namba za simu.

Naruhusiwa kufuta kweli?

Kabla ya kusaini, mkikubaliana, ndiyo. Piga mstari, kisha wote wawili mwekee saini ndogo pembeni, kwenye nakala zote. Bakizeni kodi, muda, notisi, amana, na nani anatengeneza bomba likipasuka. Hilo la bomba lieleweke vizuri, ugomvi mwingi unaonifikia unaanzia hapo. Mwenye nyumba wangu wa zamani, tulipofika kwenye kifungu cha kutofuga ng'ombe chumbani, alishika kalamu akasita. "Kumbe inafutika? Mimi hii nilitoa kopi steshenari, nikajua ndiyo sheria."